Kucha Kumi na Nane za Hakimu

Jumanne, 4 Juni

Paka amefika. Saa nne asubuhi, ndani ya kikapu cha nguo, kafunikwa taulo, shingoni kavishwa kola ya plastiki kubwa kama tarumbeta. Jina lake Hakimu. Ni wa mama mkwe. Jana alipasuliwa tumbo: kizazi kilikuwa kimeoza, kikatolewa. Ana mishono saba. Nimeihesabu.

Mama mkwe mwenyewe hayupo. Dada yake mke wangu kajifungua pacha huko mbali, na mama mkwe alipanda basi jana hiyohiyo kwenda kumwangalia mzazi. Kabla ya kupanda aliniita pembeni. Nayaandika maneno yake yote, maana maisha yangu yamo humo. Alisema chumba chake cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani, kimekaa bure muda mrefu. Alisema anajua nakitaka. Alisema anajua pia mwanawe wa kiume anakitaka. Akirudi atamtazama Hakimu, kisha ataamua.

Chumba! Miaka kumi na mmoja nakata na kupaka rangi kucha za watu kwenye saluni isiyo yangu, meza ya mlangoni, vumbi la njia nzima linatua kwenye kila rangi mbichi. Kuwa na mlango wangu mwenyewe! Kibao changu mwenyewe!

Mpinzani wangu ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Kinyozi. Anataka kuweka viti viwili na kioo cha ukuta mzima. Ana maneno matamu na viatu safi. Simwamini hata kidogo.

Daktari wa wanyama, dada mmoja kijana asiyecheka ovyo, alinipa masharti nilipomchukua hospitalini. Tumbo nisiliguse. Kazi yangu ni miguu. Akarudia: miguu. Beseni la choo lisiwekwe mchanga kwa siku kumi, nichane karatasi, maana mchanga huganda katikati ya vidole, na paka akijikuna unaingia kidondani. Kila akitoka chooni nyayo zifutwe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, zikaushwe vizuri. Mguu wa mbele wa kushoto, uliowekewa dripu, utolewe bandeji kesho, nitazame kama umevimba. Kucha zikiwa kali nimpelekee yeye azikate. Nisikate mwenyewe.

Hapo nilitabasamu tu. Kumwambia fundi wa kucha asiguse kucha! Lakini niliitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Mchana shemeji alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikaa naye nusu saa wakati mimi nachana magazeti. Alipoondoka nikakagua miguu kwa utaratibu wangu wa kazini, kidole hadi kidole, kwa kuhesabu. Mbele kushoto, kwa kupapasa chini ya bandeji, tano. Mbele kulia, tano. Nyuma, nne. Nyuma tena, nne. Nikarudia. Kumi na nane. Mke wangu akaniuliza natafuta nini. Nikasema hakuna.

Kucha mbili hazipo!

Jumatano, 5 Juni

Nimeamka na roho mkononi. Zimekwenda wapi? Nimewaza mawili. Ama zimepotea hospitalini, ama shemeji amefanya hujuma nionekane mzembe. Alikaa naye peke yake. Na mkasi haumtoki mfukoni.

Nimeanza na hospitali. Ukumbini kulikuwa na mzee mmoja na mbwa wake, na mama mmoja aliyepakata kuku. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua haki yake, kwamba mama mkwe alileta hapa paka mwenye kucha ishirini, nami nimekabidhiwa paka mwenye kucha kumi na nane, na nataka maelezo. Daktari akaniuliza nimejuaje kwamba zilikuwa ishirini. Nikasema mimi ni mtaalamu wa kucha, na kila aliyewahi kukaa mbele yangu alikuwa nazo ishirini.

Mbwa akapiga mwayo.

Daktari akanieleza taratibu kwamba paka ana vidole vitano kila mguu wa mbele na vinne kila mguu wa nyuma. Paka wote. Siku zote. Yule mama mwenye kuku akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema nilikuwa namjaribu tu daktari, nione kama yuko makini. Akasema ahsante. Hakuonekana mwenye kushukuru.

Bandeji nimeitoa. Hakuna uvimbe. Mguu umenyolewa kuanzia kiwiko hadi karibu na vidole, ngozi ya waridi tupu, na inatia huruma. Shemeji alipouona alisema, kwa jicho la kinyozi, kwamba kingo hazikunyooka. Akajitolea kuzinyoosha. Akatoa na mashine kabisa! Nimemsindikiza hadi nje na kufunga mlango kwa komeo.

Sitarudi tena kwa yule daktari. Kwa lolote. Nimeapa.

Alhamisi, 6 Juni

Mkosi wa karatasi. Magazeti yaliisha jana. Asubuhi nikaleta majarida ya saluni, yale ya kung'aa, yenye mitindo ya kucha. Kumbe hayanyonyi kitu. Hakimu akatoka chooni nyayo zote nne zimelowa, akapita juu ya mto wangu, akarudi, akapita tena. Nikaona juu ya meza rundo la karatasi zilizokwisha kuandikwa, za kawaida, laini. Nikazichana kwa ustadi, vipande virefu vyembamba. Hakimu alizipenda tangu alipoziona.

Mke wangu ni mwalimu. Ilikuwa mitihani ya hesabu ya darasa la sita. Haijasahihishwa.

Nimekaa sakafuni kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili nikiunganisha vipande kwa gundi. Wanafunzi thelathini na mmoja wamepatikana. Watatu hawakupatikana, na sitaki kusema walipo. Watarudia mtihani. Nilimwambia mke wangu kwamba watanishukuru, mmoja wao nilimwona kwa macho yangu amekosa kutoa tisa kwenye kumi na saba. Hakucheka. Alisema kama nataka chumba cha mama yake nianze kwa kutumia kichwa.

Kichwa ndicho ninachokitumia! Tatizo jipya: Hakimu ameanza kujikuna. Anapandisha mguu wa nyuma, krr, krr, krr kwenye plastiki, na akiushusha kucha zinapita upana wa kidole tu kutoka kwenye mshono. Na miguu ya mbele anaikwangulia godoro. Nimezitazama kucha zile. Ndoano! Ni aibu kuwa nazo nyumbani kwa fundi. Mshono ukifumuka kwaheri chumba. Lakini nirudi kule, mbele ya dada yule, baada ya mambo ya jana? Hapana. Kesho nitazikata mwenyewe, mke wangu akiwa shuleni.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika na mkono mmoja. Mwingine una pamba.

Mpango ulikuwa mzuri. Bakuli la maji ya uvuguvugu, taulo mbili, mkasi mdogo, tupa ya kulainishia. Kucha kumi na nane, dakika ishirini. Kwanza kuloweka. Hakimu hakuafiki kulowekwa. Nina mikwaruzo minne mkononi na mmoja nyuma ya sikio, huo sijui ulifikaje. Nikamviringisha taulo, nikaacha mguu mmoja nje. Nikabonyeza kidole. Ukucha ukachomoza wenyewe! Wateja wangu wangekuwa hivyo ningemaliza kazi saa nne asubuhi.

Nikaukata ninavyokata wa binadamu. Karibu na nyama, mviringo, safi.

Damu.

Sikujua. Ndani ya ukucha wa paka kuna nyama hai, inaingia hadi katikati. Hakimu alilia mara moja, sauti fupi, kisha akanitazama. Afadhali angeniuma. Nikambana kwa pamba dakika tano nzima nikimwomba radhi kwa heshima zote, nikimwita mama.

Damu ikakatika. Lakini ukucha ulibaki na doa jeusi, na vidole vyake ni vyeupe, kipofu angeliona. Na saa hiyohiyo, hodi! Sauti ya shemeji.

Wazo lilikuja lenyewe. Mfukoni mwa aproni kulikuwa na chupa ya rangi nyekundu. Mpako mmoja, doa halipo. Lakini ukucha mmoja mwekundu unapiga kelele kwamba kuna kitu. Nikapaka tano. Mguu mmoja mwekundu na mwingine mtupu? Nikapaka kumi. Shemeji anabisha hodi mara ya tatu. Sijawahi kupaka upesi namna ile katika maisha yangu, na lazima niseme, zilitoka safi kabisa.

Shemeji akashika kiuno. Nikamwambia ni dawa. Akasema dawa ina rangi nzuri, akanisifu, akanivisha kilemba cha ukoka hadi masikio yakawasha. Nikakimbilia jikoni kumwaga maji yenye damu kabla hajayaona. Ilichukua muda, taulo nazo zilikuwa na damu. Niliporudi alikuwa ameinama anamweka sawa Hakimu kola, simu mkono mwingine, tabasamu hadi kwenye magego. Akaaga haraka.

Amepiga picha. Najua amepiga!

Jumamosi, 8 Juni

Saa moja asubuhi. Hakimu hajala. Nimemchambulia samaki mwiba kwa mwiba. Hata kunusa hataki.

Saa mbili. Anatokwa na mate. Nimekagua miguu. Kucha mbili za kulia hazina rangi. Nimetambaa nyumba nzima kutafuta kama imebanduka sakafuni. Haipo. Ameilamba. Ameilambaje, na kola iko shingoni?

Saa mbili na nusu. Nimesoma maandishi ya nyuma ya chupa. Isimezwe. Iwekwe mbali na watoto. Miaka kumi na mmoja naishika chupa hii na sijawahi kuyasoma.

Saa tatu kasoro. Nimeamua kuiondoa rangi yote kwa asetoni, kisha nimpeleke hospitali akiwa safi, niseme amekula kitu tu. Nimefungua chupa. Hakimu ametapika kabla sijamgusa.

Jioni. Sasa naweza kuandika. Nilitia chupa mfukoni, nikambeba Hakimu na kikapu chake, nikakimbia njia nzima na aproni yangu na kandambili za mke wangu. Njiani sikuwaza chumba. Naapa sikuwaza. Niliwaza kwamba kiumbe huyu niliachiwa na mtu aliyeniamini, na sasa anakufa kwa sababu niliogopa kuchekwa na mama mwenye kuku. Sijawahi kuogopa hivyo.

Daktari akauliza kumetokea nini. Nikasema labda ni mtoto wa jirani. Akaitazama aproni yangu, ina madoa ya rangi zote zilizopo duniani. Akasema hana muda, ama nimwambie ukweli ama nimpishe. Nikamwambia. Akauliza kama nimetumia kitu chochote kuitoa rangi. Nikatoa chupa ya asetoni, nikasema bado. Akainyakua, akaiweka juu kabisa ya kabati. Akasema ningempaka hiyo ningekuwa namwongezea sumu juu ya sumu. Nikakaa chini.

Alimchoma sindano. Kisha akakata ncha za kucha zote kumi, mmoja mmoja, chini ya taa, na kila mara akinionyesha ile nyama hai inapoishia, bila kunitukana. Angenitukana ningepumua. Rangi iliyobaki akaikwangua. Kucha tatu zimebaki na alama nyekundu karibu kabisa na ngozi. Akasema ziachwe hivyo, zitaota na kuisha. Mshono uko salama. Nimtazame hadi kesho. Akila, amepona. Asipokula, nimrudishe mara moja. Na nisiguse kucha tena.

Hajala bado. Amelala ubavu, tumbo linapanda na kushuka. Nami nimekaa hapa nalihesabu.

Jumapili, 9 Juni

Amekula! Saa moja na robo! Kipande kizima cha samaki, akalamba sahani, akanitazama kwa dharau kama zamani. Nimelia jikoni. Mke wangu akanikuta, nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na kitunguu. Akaniwekea mkono begani, akatoka bila kuuliza.

Baadaye nilimkuta anamfuta Hakimu nyayo, kidole kwa kidole, anakausha katikati kwa ncha ya kitambaa, mkono mwepesi kuliko wangu. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema kila asubuhi kabla ya kwenda shule na kila jioni akirudi, kwani nilidhani nani anafanya? Nilidhani paka hujisafisha. Sikumwambia hivyo.

Saa saba mama mkwe akapiga simu. Picha imemfikia. Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Akauliza hali ya Hakimu, nikasema nzuri. Akauliza habari za miguu, nikasema ipo yote minne. Akasema atarudi Jumatano hii, si Jumapili ijayo kama alivyopanga. Akakata.

Jumatano!

Jumatatu, 10 Juni

Zile alama tatu nyekundu bado zipo. Nikiweza kuzificha siku moja tu, ile ya kwanza, mama mkwe apate kwanza picha ya jumla. Daktari amesema nisiguse kucha. Sawa. Kucha sikugusa. Leo nimefanya jaribio: nimevisha soksi.

Katika kabati la mke wangu kuna mfuko wa zawadi za pacha. Soksi nne ndogo nyeupe, kazifuma mwenyewe kwa sindano, wiki tatu. Watoto wawili, miguu minne. Paka mmoja, miguu minne. Nilisimama mbele ya kabati nikaona kwamba mambo yamepangwa.

Soksi ya kwanza dakika kumi. Ya pili kumi na tano. Zote zilipoingia Hakimu alisimama, akainua mguu mmoja akautikisa, akainua wa pili akautikisa, akajaribu kuinua yote pamoja, akaanguka ubavu polepole. Hapo akabaki. Saa nne nzima! Hakulala, hakusogea, macho kwangu tu. Shemeji alipita dirishani akauliza kama ameshakufa. Aliuliza kwa matumaini.

Mke wangu alirudi saa kumi. Aliyoyasema siyaandiki, daftari hili huenda likasomwa na watoto. Alizivua. Katikati ya vidole kulikuwa na unyevu, na ngozi imeanza kuwa nyekundu. Kumbe paka hutoa jasho nyayoni! Nimeambiwa miguu ikae mikavu, nami nimeifungia ndani ya sufu. Najipalia makaa mwenyewe. Soksi zimefuliwa mara mbili na bado zina manyoya. Nimepewa kazi ya kuyatoa kwa kibano, moja moja.

Jumanne, 11 Juni

Vidole vinakauka. Mke wangu anavifuta, mimi nashika taulo. Ndiyo kazi niliyoachiwa.

Nimeandaa maelezo ya kesho. Yana sehemu tatu. Kwanza, ile si rangi, ni dawa ya vijidudu. Pili, nilishauriwa na mtaalamu wa ng'ambo. Tatu, shemeji. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo mara tisa. Nikifika kwa mtaalamu wa ng'ambo jicho la kushoto linachezacheza. Huenda nikasimama upande ambao haliwezi kuonekana.

Siwezi kula.

Jumatano, 12 Juni

Mama mkwe amefika saa tano. Shemeji alikuwa wa kwanza mlangoni, shati limenyooka kwa pasi, akampokea mzigo wote. Mimi nikampokea mwavuli. Shikamoo, mama. Marahaba.

Akakaa. Akampakata Hakimu. Akatazama macho, masikio, mshono. Kisha miguu. Akaanzia nyuma, akifungua vidole kimoja kimoja, hana haraka hata chembe. Ufunguo wa chumba cha mbele anauvaa shingoni kwa uzi, na kila akiinama unagonga kola ya plastiki. Ka. Ka. Ka.

Akamuuliza shemeji kwanza. Shemeji akasema yeye alikuja tu kumjulia hali, hakumgusa hata unyoya, na kwamba inamuuma sana kusema aliyoyaona nyumba hii. Alivyokuwa ameng'ara usingedhani kuna panapomuuma. Mama mkwe akatoa simu, akamwonyesha picha aliyoituma mwenyewe, akamuuliza kwenye picha hii kola ya Hakimu iko wapi. Nikachungulia. Hakimu, shingo tupu, kucha kumi nyekundu zinametameta, na kola imewekwa juu ya goti la suruali ya buluu. Suruali ileile aliyoivaa leo! Shemeji akasema alimvua dakika chache tu, picha itoke vizuri.

Basi! Ndipo alipolamba! Wakati mimi nafua taulo jikoni! Nilitaka kurukaruka. Shemeji kwisha, sasa zamu yangu. Nikasimama upande wa jicho zuri, nikafungua mdomo nianze sehemu ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa amefika mguu wa mbele wa kulia. Akabonyeza. Ukucha ukachomoza na alama yake nyekundu. Hakunitazama mimi, aliutazama ukucha ule, akaupitisha kidole gumba taratibu, na Hakimu akafumba macho. Sijui nilipatwa na nini. Maneno yalinitoka yote pamoja bila mpangilio: damu, rangi, asetoni, mitihani ya hesabu, soksi za pacha, kucha ishirini. Hata ambayo hakuna aliyeyajua. Nilikiri kwamba mwaka tuliooana nilivunja birika lake nikasema ni upepo. Nilikiri kwamba nyayo hizi zimetunzwa na mke wangu, si mimi. Huo haukuwa ushujaa. Nilishindwa kujizuia tu, kama mtu anayepiga chafya.

Akauliza kama ndiyo yote. Nikaapa kwamba ndiyo yote, hakuna lililobaki.

Kisha akasema ataamua kesho, mishono ikishatolewa.

Alhamisi, 13 Juni

Mishono imetolewa, yote saba. Kidonda kimefunga. Daktari amefungua vidole vyote, akasema miguu ni mikavu na safi, akampongeza mke wangu. Mimi akanirudishia asetoni.

Nje ya hospitali mama mkwe akavua uzi shingoni. Akanipa ufunguo. Mimi!

Alisema hanipi kwa sababu ya utunzaji, utunzaji wangu ni wa aibu. Ananipa kwa sababu ya jana. Alisema mtu akiharibu na kusema, anaweza kuishi naye chini ya paa moja. Mtu akiharibu na kujifanya hamnazo, hawezi, hata kama amemzaa. Shemeji atapewa kibaraza cha pembeni, aweke kiti kimoja.

Nimefungua mlango. Nimesimama katikati ya chumba. Mwanga unaingia kutoka barabarani hadi ukuta wa pili. Meza itakaa pale, mbali na vumbi. Nimefurahi hadi nikakaa sakafuni. Mke wangu akaja akakaa karibu nami.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepima kibaraza. Kipana kuliko nilivyodhani! Wateja wangekaa pale kukausha rangi kwenye hewa safi. Badala yake atakaa kinyozi, nywele zinaruka na kuingia kwenye kucha mbichi za watu. Haiwezekani.

Nimefikiri tangu alfajiri. Nimegundua jambo ambalo ningelijua mapema ningekuwa mbali: kukiri kunalipa. Nilikiri mara moja nikapata chumba. Nikikiri tena, kibaraza.

Shida ni kwamba sina kosa lililobaki. Nimeipekua dhamiri yangu kona zote, Jumatano niliimaliza. Ikabidi nitunge. Kosa kubwa kiasi, lakini si la kutisha. Saa nne nilikwenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikamwambia kwamba Jumapili nilimwangusha Hakimu kutoka juu ya meza, akatua kwa tumbo, nikanyamaza. Nikatoa na machozi. Mawili, jicho la kulia.

Mama mkwe aliinuka. Akamchukua Hakimu akampapasa tumbo, tena na tena, akitafuta palipoumia. Sikutegemea atafute kwa hofu ile. Akasema Jumatano niliapa mbele yake kwamba hakuna lililobaki, na yeye akaniamini. Akanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo.

Saa nane shemeji ameanza kupaka rangi kuta za chumba cha mbele. Kijani. Namsikia anaimba.

Mke wangu anasema nisikanyage kwa mama yake walau wiki moja, nifunge mdomo, nikae kitako. Haelewi mambo haya. Hali ni nzuri kuliko inavyoonekana! Jana nilikuwa sina kosa hata moja. Leo ninalo, zito, la kweli kabisa, na hakuna anayelijua isipokuwa mimi: nilikiri uongo. Kesho asubuhi na mapema nakwenda kulikiri. Kwa kosa la ukubwa huu anaweza kunipa nyumba nzima.